Gari la Milango Miwili

Mimi nilitaka la milango miwili. Naanza na hilo kwa sababu watu wa upande wa mume wangu wakisimulia habari hii wanaanzia pale mama mkwe alipopandisha presha kwenye yadi ya Hatibu, utadhani mimi nilitoka nyumbani asubuhi ile kwa lengo la kumpandisha mtu presha. Nilitoka nyumbani kwenda kununua gari. Tena nusu ya fedha ilikuwa yangu, imetoka kwenye nondo na saruji, mfuko mmoja mmoja.

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Babati mjini, na wateja wananiita Mama Nondo. Jina hilo wamenipa kwa heshima, sikatai. Mwanamke wa umri wangu watu hawawezi kumwita jina lake kavukavu, lazima awe mama wa fulani, na kwa kuwa huyo fulani wangu hayupo, wakatafuta kitu kingine cha kuweka pale. Mimi na Amedeus tuna miaka tisa ya ndoa. Tumeshazunguka hospitali, tumeshazunguka kwenye maombi, nimeshakunywa dawa za kila rangi. Mwaka juzi nikamwambia mume wangu mimi basi, nimechoka, tuishi wawili hivi hivi na tufurahie tulichonacho. Akanyamaza. Amedeus ni mpima ardhi, na watu wa kazi ile wana tabia ya kunyamaza huku wanaangalia mbali kama vile kuna kigingi wanakitafuta. Nikauchukua ule ukimya kuwa amekubali, nikaendelea na kazi zangu.

Sasa gari. Amedeus tangu namfahamu anapenda magari yenye mbio, na mimi kanifundisha kuyapenda, mpaka nikawa naendesha vizuri kuliko yeye. Tulikuwa na kigari kidogo kilichochoka, kila wiki kiko kwa fundi. Mwezi wa tano Hatibu, yule mwenye yadi ya magari yaliyotumika kwenye barabara ya kwenda Dodoma, akatutumia picha kwenye simu. Skyline mbili, zote nyeupe, injini ileile ya silinda sita, zimepishana mwaka mmoja tu. Moja ya milango miwili, ilikuwa ya kijana wa Mirerani aliyepata jiwe la tanzanite, akanunua gari, kisha mawe yakamgomea. Nyingine ya milango minne, ya daktari aliyehamishwa. Ile ya daktari ilikuwa juu kidogo kwa bei, maana huku kwetu kila mtu anataka gari la familia.

Niliipenda ile ya milango miwili palepale, nimesimama dukani na simu mkononi, mteja ananiuliza bei ya misumari simsikii. Ilikuwa imelala chini, mlango wake mrefu, nyuma imeshuka kama mgongo wa paka anayenyemelea. Lakini si uzuri peke yake. Gari lile lilikuwa linasema humu wanakaa watu wawili. Nilijiona mimi na Amedeus tunakwenda kwao Rombo mwezi wa kumi na mbili, hakuna kiti cha nyuma cha maana, hakuna mtu wa kuniuliza huko nyuma atakaa nani. La milango minne kwangu lilikuwa ni kuendelea kusubiri. Kila ukilifungua unakuta nafasi ya watu ambao hawapo, na mimi nilishasema basi.

Ungewasikia watu. Jirani yetu pale Bagara akasema chukueni la milango minne, Mungu ana makusudi yake. Wanawake wa jumuiya ya kanisani wakasema la milango minne, mtakuja kujuta. Fundi wa gari naye, mtu ambaye kazi yake ni kubadilisha oili, akanishika mkono kwa huruma akaniambia dada usikate tamaa, chukua la milango minne. Nilifura. Hivi kuna mtu mwingine Babati nzima akinunua gari anaombewa?

Na Amedeus hakunisaidia. Hakusema moja kwa moja kwamba hataki la milango miwili. Alikuwa anazungukazunguka. Mara bima, mara kuliuza baadaye itakuwa shida, mara mlango mrefu unahitaji nafasi kubwa ya kuegesha. Siku moja alikwenda yadi peke yake na tepu yake ya kupimia, akapima kiti cha nyuma cha lile la milango miwili, akarudi nyumbani ananisomea vipimo. Akasema miguu haienei. Nikamuuliza miguu ya nani. Akasema ya mtu. Mtu gani? Mtu yeyote, akasema, akakunja karatasi yake. Nilicheka kwa hasira, nikamwambia aende akapime na paa kama mtu yeyote huyo atavaa kofia.

Tukakubaliana twende wote Jumamosi, tuyaendeshe yote mawili, tuamue. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa sita, ule upepo wa baridi unaobeba vumbi. Na kwa kuwa kwao Amedeus kitu kikubwa hakinunuliwi mpaka mzazi akione kwa macho yake, mama yake, Mama Ursula, akaja naye. Mama anakaa Bonga kwa Xavery, mdogo wake Amedeus, pamoja na Mektilda mke wa Xavery na watoto wao watano. Alishuka kwenye bajaji na mjukuu mkononi, Hope, mtoto wa nne, ana miaka sita. Sikushangaa, maana bibi yule hatembei bila mjukuu. Nilichoshangaa ni nguo. Hope alivalishwa gauni la kanisani, soksi nyeupe mpaka magotini, na kasukwa nywele zikakazwa mpaka nyusi zimepanda juu. Nikamtania mama kwamba nilidhani tunanunua gari, sikujua kuna Komunyo ya kwanza. Akacheka, akasema mtoto akija mjini lazima apendeze.

Hope akaniinamishia kichwa, shikamoo mama mkubwa. Nikamwitikia, nikampa biskuti iliyokuwa kwenye mkoba wangu. Hakuila. Aliishika tu.

Hatibu alitupokea vizuri, akamwamkia mama, akafungua boneti zote mbili. Injini safi. Mimi nikaenda kwenye usukani wa la milango miwili. Amedeus akaenda moja kwa moja kwenye milango ya nyuma ya lile jingine. Akaufungua mlango, akaufunga. Akaufungua, akaufunga. Utadhani ananunua mlango. Mama naye akamwambia Hope apande nyuma, akae kushoto, akae kulia, akae katikati. Akamuuliza dirisha unalifikia? Unaona mbele? Miguu inaning'inia? Mimi nimekaa kwenye gari langu nawaona kwenye kioo, nimeshikilia usukani kwa mikono miwili, najiuliza hapa nani anayenunua gari.

Baadaye wakaja kwenye langu. Hatibu akakunja kiti cha mbele ili Hope apite kwenda nyuma. Mtoto akaingiza kichwa, akaingiza mguu mmoja, kiatu kikanasa kwenye mkanda, akabaki nusu ndani nusu nje.

Mama akatikisa kichwa. Akasema haiwezekani kila asubuhi mtoto anakwenda shule kwa kubinuliwa namna ile.

Nikamjibu kwa heshima kadiri nilivyoweza kwamba sisi hatuna wa kupeleka shule, kwa hiyo hilo lisitusumbue. Hatibu akaanza kuangalia tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Amedeus akaangalia mbali, upande wa mlima. Nilidhani wamenionea huruma kama kawaida, na huruma ile ndiyo inayonimaliza kuliko matusi. Nikashuka nikasema haya, tuyaendeshe, tusipoteze siku.

Mama akaniunga mkono. Akasema kweli tusichelewe, maana tukitoka hapo itabidi tupitie Bonga kuchukua nguo za mtoto, Mektilda alishazifungasha tangu jana.

Nikauliza nguo za mtoto yupi.

Nakumbuka Amedeus alivyonishika kiwiko akasema, "Devotha, twende pembeni kidogo." Nikautoa mkono wake. Nikasema hapahapa. Kama mama yake anajua, na Hatibu tunaye hapa amesikia, mimi nina siri gani ya kwenda nayo pembeni?

Basi mama akaeleza, tena kwa furaha, maana kwa kweli alidhani ananipa zawadi. Kikao kilikaa Rombo, mwezi wa kumi na mbili. Nakikumbuka kikao hicho vizuri sana. Walijifungia sebuleni, baba wadogo, Xavery, Amedeus na mama, na mimi nilikuwa nyuma na wake wengine wa ukoo ule namenya ndizi za kuwapikia haohao. Niliingia mara mbili na chupa ya chai. Mara zote mbili walinyamaza nilipoingia, wakanishukuru, wakanyamaza tena mpaka nikatoka. Nilijua wanazungumzia mpaka wa shamba. Kumbe mpaka wenyewe ni mimi. Waliamua kwamba Xavery ana watoto watano na kaka yake hana hata mmoja, na hilo halipendezi, kwa hiyo Hope aletwe kwetu, shule zikifunguliwa mwezi wa saba aanzie Bagara. Amedeus akaulizwa, akakubali kwa niaba ya nyumba yake. Nyumba yake ndiyo mimi.

Wakapanga nisiambiwe kwanza. Mama alisema ukimuuliza mwanamke aliyekata tamaa atakataa, lakini ukimwekea mtoto mapajani hawezi kumsukuma. Kwa hiyo nilikuwa niwekewe mtoto mapajani siku hiyo, ndani ya gari jipya, kwenye kiti cha nyuma cha milango minne.

Sikilizeni. Najua watu hawampi mtu mtoto wao kwa ubaya. Huku kwetu hiyo ni zawadi kubwa kuliko ng'ombe, kuliko shamba. Hilo ndilo lililonikaba. Kama wangenitukana ningejua pa kupiga. Lakini wamekaa miezi sita wananitengenezea wema nyuma ya mgongo wangu, na kila mtu anajua, mpaka fundi wa oili huenda anajua, na mimi nazunguka mjini najitetea kuhusu gari. Maneno niliyoyasema pale siyarudii, mengine siyakumbuki. Mama akakaa kwenye kiti cha plastiki cha Hatibu, akashika kifua, akaomba maji. Hiyo ndiyo presha yenyewe inayosimuliwa.

Nikamgeukia Amedeus. Nikamuuliza alikuwa ananiambia lini. Akasema leo, tukishapata gari. Nikamuuliza ile miguu aliyoipima na tepu ilikuwa ya nani. Ndipo nikamwangalia Hope.

Alikuwa amesimama katikati ya magari mawili, biskuti bado iko mkononi, imeshavunjikavunjika. Wote tulikuwa tumemsahau. Tumepiga kelele juu ya kichwa chake muda wote ule na hakuna aliyemsogeza hata hatua moja. Nikachuchumaa mbele yake, gauni langu kwenye vumbi la Hatibu.

"Hope, umeambiwa unakwenda wapi?"

"Kwako, mama mkubwa."

"Na umeambiwa nini kingine?"

Akamwangalia bibi yake kwanza. "Nimeambiwa nisilie," akasema.

Na kweli alikuwa halii. Alikuwa amebana mdomo, kidevu kinatetemeka, anajitahidi kama mtoto anayefanya mtihani. Hasira yangu yote ya kutoulizwa nikaiona imesimama mbele yangu, ina miaka sita na soksi nyeupe. Mimi angalau nilikuwa na mdomo wa kumpandisha mtu presha.

Nikasimama nikamwomba Hatibu ufunguo wa la milango miwili. Hatibu ana sheria yake, gari la kujaribu mwisho Bonga, na mmoja wa wateja anabaki yadi. Akanipa. Nikamkalisha Hope kiti cha mbele, nikamfunga mkanda, ukampita shingoni, nikauweka vizuri chini ya mkono. Amedeus akauliza nakwenda wapi. Nikamwambia kulijaribu.

Gari lile, jamani. Sitasema uongo hata kama siku ile ilikuwa mbaya. Unaligusa kidogo tu nalo linaondoka. Tukashika barabara, upepo unapiga, injini inanguruma kwa sauti ya chini, na mimi ningekuwa na raha duniani kama nisingekuwa na machozi. Kwenye matuta lilikwaruza tumbo. Tuta la kwanza Hope alishtuka akashika dashibodi. La pili akaniangalia. La tatu akasema, kwa sauti ndogo, kwamba gari hili linajikuna. Nikacheka, sikutaka kucheka lakini nikacheka, naye akaona nimecheka, basi kinywa chake kikafunguka. Akauliza kitufe hiki cha nini. Nikamwambia bonyeza. Kioo kikashuka, vumbi likaingia, akapandisha, akashusha, akapandisha. Akaniambia ana kuku wake mwenyewe ambaye ametotoa vifaranga saba na mwewe amechukua wawili. Akaniambia Aniceti kaka yake anakojoa kitandani lakini ni siri. Kisha akauliza, "Mama mkubwa, kwako nitalala na nani?"

Kwao wanalala watatu kitanda kimoja. Kwangu kuna chumba cha wageni chenye kitanda kikubwa na foronya nilizodarizi mwenyewe, na hakuna anayelala humo. Nikamwambia aangalie mbele kama kuna tuta.

Na hapo ndipo lilipokuja jambo ambalo sikulitaka. Nilimtaka. Nalisema wazi. Nilitaka kuipita Bonga nisisimame, niende naye mpaka Kondoa, nimnunulie soda, nimsikilize habari za kuku mpaka usiku uingie. Nilitaka yeye ndiye awe anashusha na kupandisha kioo cha gari langu mpaka kiharibike. Miaka miwili nimewaambia watu nimemaliza mambo hayo, nimemwambia mume wangu, nimemwambia padri, nimejiambia mimi mwenyewe kwenye kioo. Dakika kumi na mbili za barabara ya lami zikanionyesha kwamba sijamaliza chochote. Nikawachukia wote, mama, Amedeus, kikao kizima, kwa kunifanya nilijue hilo.

Nikakunja kona ya kwa Xavery.

Mektilda alikuwa nje na mfuko miguuni, ule mfuko mkubwa wa zipu wa kusafiria. Watoto wengine wakalizunguka gari wanagusa rimu. Mektilda akaona nimekuja peke yangu na Hope, akadhani nimekuja kuchukua mzigo. Akaubeba ule mfuko kwa mikono miwili akaja nao mpaka mlangoni mwa gari. Akaniambia nguo zote amezipiga pasi, sweta liko juu kwa sababu jioni mtoto huwa anakohoa. Macho yake yalikuwa yamevimba lakini alikuwa anatabasamu. Naye huenda aliambiwa asilie.

Nikamwambia nimemrudisha.

Akasimama na mfuko wake. Tabasamu likaondoka. "Amekukosea nini, dada?" akaniuliza.

Jamani, swali lile. Nilikuja pale nikijiona mwenye haki, namrudishia mama mtoto wake, nikidhani atanishukuru. Kumbe yeye ameona mwanawe kakataliwa. Nikamwambia hapana, Mektilda, hajanikosea, sijawahi kuona mtoto mzuri kama huyu. Nikamwambia mimi sikuulizwa, nimejua saa moja iliyopita, pale yadi. Akaniangalia muda mrefu kuona kama namdanganya.

"Na mimi sikuulizwa," akasema. "Xavery alirudi kutoka Rombo akaniambia wameshapanga. Nikasema moyoni, kama ni kwako wewe nitavumilia, wewe utamtunza."

Miezi sita tulikuwa tunaonana kanisani, mimi na yeye, tunapeana amani. Yeye ananikwepa macho, mimi nadhani ananiringia kwa sababu ana watoto. Nikamwambia kwamba Hope abaki hapohapo kwao. Mektilda hakunishukuru. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, mfuko juu ya mapaja, akalia kama mtu aliyekuwa amebeba ndoo ya maji kutoka mbali akaambiwa aweke chini. Hope alimwangalia mama yake kwa mshangao, kisha naye akaachia, akalia kwa sauti yote, kamasi na biskuti na gauni la kanisani. Wakashikana pale. Sikuwa na nafasi pale, nikaingia kwenye gari nikaondoka.

Kiti cha pembeni kilikuwa na makombo. Sikuyapangusa. Niliendesha polepole kurudi, lori la vitunguu likanipita linanipigia honi, mimi na gari langu la mbio. Nilikuwa na hasira na kila kitu, na kuhusu hilo gari nilikuwa nimeshachanganyikiwa kabisa, maana lilikuwa zuri vilevile na halikuwa linanisemea tena kile nilichotaka linisemee.

Yadi nilimkuta mama bado kwenye kiti cha plastiki, kanga begani, amenipa mgongo. Hatibu alikuwa ofisini kwake, anajifanya anatafuta karatasi. Amedeus akanifungulia mlango. Alikuwa amesawajika, mtu mrefu vile amekuwa mfupi. Nikamwambia Hope yuko kwao, kwa mama yake, na hapo ndipo atakapokaa. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema ameshamwambia Hatibu kwamba tunachukua hili nililokuja nalo, la milango miwili, waandike.

Alidhani ananipoza. Damu ikanichemka upya. Nikamwambia, "Umeshapanga tena."

Akafungua mdomo kujitetea, akaufunga. Safari hii hakuangalia mbali. Aliniangalia mimi, na niliona anaogopa, mume wangu, mtu anayelala msituni kwenye kazi zake za kupima na fisi wanalia nje. Akauliza swali ambalo katika miaka tisa, kwenye kila hospitali na kila maombi na kila dawa, sikumbuki kuulizwa na mtu yeyote, hata yeye.

"Wewe unataka nini, Devotha?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo tangu mwezi wa tano, nimewaambia watu wote mji huu. Nikafungua kinywa niseme la milango miwili, na halikutoka. Nikajaribu tena. Mama kule kwenye kiti chake akageuka kuniangalia, Hatibu akaacha kupekua karatasi, na mimi nimesimama kati ya magari mawili meupe pale aliposimama Hope, kidevu kinanitetemeka.

"La milango minne," nikasema, nikalia.

Nililia vibaya, sina haja ya kupamba. Nikamwambia bado namtaka mtoto. Si wa kupangiwa na kikao, si wa kunyang'anywa Mektilda. Sijui atatoka wapi na huenda asitoke popote, lakini namtaka, na mwaka juzi niliposema basi nilikuwa nimechoka kuulizwa na watu, sikuwa nimechoka kutaka. Amedeus akafunika uso kwa mikono. Akasema hata yeye, kila siku, na alinyamaza siku ile kwa sababu alidhani mimi kweli nimemaliza, akaogopa akisema ataniumiza. Alipoletewa habari ya Hope akaona angalau hapo hatalazimika kunieleza kwamba bado anataka mtoto.

Kwa hiyo miaka miwili tumelala kitanda kimoja kila mtu anamficha mwenzake kitu kilekile. Nilikasirika upya, na sasa nikatukasirikia sisi wawili, kuliko nilivyowakasirikia wote waliokaa sebuleni Rombo. Nikampiga begani kwa ngumi, si kwa utani, akaipokea. Kisha nikaenda ofisini kwa Hatibu, uso umelowa hivyohivyo, nikamwambia abadilishe karatasi.